"Sikukuona sikukuu": ubongo unalikatia wapi neno refu?

#1 Msomaprufu

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kusoma prufu za vitabu vya shule, huu mwaka wa kumi na moja. Siku mbili baada ya Idi mama alinitumia meseji: "Sikukuona sikukuu mwanangu, kulikoni?" Niliisoma mara moja, roho ikaniuma, nikampigia.

Jioni jirani yangu, dada mmoja Mkorea anayejifunza Kiswahili, aliniomba sentensi ya kawaida ya kufanyia mazoezi. Nikampa hiyo. Neno la kwanza alilipasua vizuri, maana ndiyo kwanza amefundishwa "sikusoma, sikulala". La pili likamkwamisha. "Si-ku-kuu... mimi sikufanya nini?" Akarudia mara tatu.

Ndipo nikatazama herufi zenyewe. S-I-K-U-K-U. Sita za kwanza ni zile zile kwenye maneno yote mawili. Kwenye la kwanza viungo viko hivi: si-ku-ku-ona. Kwenye la pili ni siku-kuu. Maneno yamekaa bega kwa bega, mimi nimepita juu yake bila kujikwaa.

Hoja yangu: msomaji aliyezaliwa kwenye lugha hakati neno. Analichukua zima kama anavyoitambua sura ya mtu. Tungekuwa tunakata, tungekwama kama yule dada.

Nauliza pia kwa sababu ya kazi. Nina kitabu mezani na mwandishi ameandika "kinasasauti" kama neno moja. Mhariri anataka "kinasa sauti". Mnasemaje?

#2 Kiguu_na_Njia

Hapo hakuna fumbo mkuu. Mama kaandika baada ya Idi, wewe ulishajua kosa lako kabla hujafungua simu. Muktadha ndio uliosoma.

#3 Ticha_wa_Handeni

Mleta uzi, mimi nafundisha darasa la pili, na hilo la "sura ya mtu" linanipa shida.

Muhula uliopita tulikuwa na hadithi yenye neno "kitindamimba". Mtoto mmoja akaweka kidole chini ya mstari, akaanza: "ki... ti..." Akasimama. Akasema kwa furaha, "Kiti!" na akakishika kiti chake kabisa, kwamba hiki hapa. Kisha akaendelea: "ndamimba". Akaniangalia. "Mwalimu, ndamimba ni nini?"

Nikamuuliza, kwenu umezaliwa wa ngapi? Akasema wa mwisho. Nikamwambia basi kitindamimba ni wewe. Kutinda ni kukata, mama alikatia kwako. Darasa zima likacheka, yeye akavimba kichwa.

Siku mbili baadaye kwenye hadithi nyingine kukawa na "kifunguamimba". Hakushika kiti wala meza. Alisoma "kifungua-mimba" kwa pumzi mbili, akaniambia, "Huyu ni kaka yangu." Hakuna aliyemfundisha. Alishapata kipande cha "mimba" na umbo la "ki-" pamoja na kitendo, akajengea.

Kwa hiyo mtoto anakata. Anaweza kukata vibaya, lakini anakata. Niambie ni siku gani mtu mzima aliacha.

#4 Mofimu_Huru

Ticha umegusa palepale. Hili ni bishano la zaidi ya miaka hamsini kwenye saikolojia ya lugha.

Mwaka 1975 Marcus Taft na Kenneth Forster, Wamarekani, walidai kwamba msomaji huvua kiambishi awali kwanza, halafu hutafuta mzizi kwenye kamusi ya kichwani. Waliwaonyesha watu vipande visivyo maneno wakawataka waseme haraka kama ni neno la Kiingereza au la. "Juvenate" (kutoka "rejuvenate") iliwachelewesha watu kuikataa kuliko "pertoire" (kutoka "repertoire"). Kwa nini? Kwa sababu kwenye "rejuvenate" ile "re-" ni kiambishi cha kweli na "juvenate" ni shina, hata kama halisimami peke yake. Kwenye "repertoire" ile "re" ni mwanzo wa neno tu. Maana yake kichwani kuna ghala la mashina, na ubongo ulikuwa umeshaingia ghalani kabla ya kusema "hapana".

Upande wa pili, Brian Butterworth mwaka 1983 akatetea kwamba maneno yamehifadhiwa mazima, na kukata ni akiba ya dharura, kwa neno ambalo hujawahi kuliona. Msomaprufu, wewe uko kambi hiyo.

#5 Mtazamaji_Kimya

Marekebisho madogo #4. Taft na Forster walikuwa Australia wakati huo.

#6 Mofimu_Huru

Kweli, Australia. Ahsante.

#7 Pwani_Halisi

Ndugu zangu, huku Mombasa tunasema ukitaka kumjua mtu mwone akikosea. Ukitaka kujua kama ubongo unakata maneno, tazama unavyokata hata pale pasipo na kiungo.

Kitabu ni neno la Kiarabu. Ile "ki" mwanzoni ni sehemu ya mzizi. Waswahili walipolipokea walisikia ki-, wakasema basi vingi ni vitabu. Mwalimu ni muallim, nayo ile mu- haikuwa m- yetu ya mtu, lakini tunasema walimu. Hata wakati tumeukata wa-kati, tukapata nyakati. Waraka, nyaraka.

Na msidhani ni mambo ya kale. Huko bara mna "kipilefti" kwenye makutano ya barabara. Imetoka kwenye kibao cha Kiingereza, "keep left", kinachomwambia dereva apite kushoto. Kikawa kitu, na vikiwa viwili ni vipilefti. Madigadi ya baiskeli nayo ("mudguard" ya Kiingereza), wengine wakipoteza moja wanasema digadi. Nani aliitisha kikao kuamua hivyo? Masikio na macho yalikata yenyewe.

#8 Msomaprufu

#7 hiyo ya kipilefti imenitikisa. Lakini nijibu hili: mbona hatukukata waziri na wakili? Hakuna "ziri" wala "kili". Wa- ipo wazi pale mwanzoni na wote ni watu.

#9 Mtazamaji_Kimya

Kwa sababu wa- ya watu inasema wengi, na wakili aliyesimama mbele yako ni mmoja. Kiambishi na maana vinagongana, mkato unashindikana. Wingi ukawa mawakili, mawaziri.

Pia Pwani_Halisi, "wakati" haikukatwa wa-kati. Imekatwa w-akati, kama w-imbo. Wimbo nyimbo, wakati nyakati. Waraka vilevile.

#10 Pwani_Halisi

Sawa kabisa, w-akati. Umeninyoosha. Na ona, hiyo inazidi kunipa nguvu: hata pa kukatia tunapachagua kwa kufuata kiolezo tulicho nacho.

#11 Mtoto_wa_Matrah

Assalaam alaykum. Mie nimezaliwa Unguja, nimekulia Maskati, na ninasoma lugha zote mbili tangu utoto. Kwangu kitabu hakina "ki". Nikiliona neno hilo, hata kwa herufi za Kirumi, yanaamka katibu na maktaba, kwa sababu k, t na b ndizo zilizobeba maana. Mdogo wangu aliyebaki Unguja analiona pamoja na kiti na kisu.

Kwa hiyo neno ni moja, mama mmoja, jikoni moja, na kila mmoja ana kisu chake. Mkisema "ubongo unakata hivi", muulize kwanza umelelewa na maandishi yapi.

#12 Mlezi_Leipzig

Habari za mchana wapendwa. Natunza wazee Ujerumani, na maneno marefu ndiyo mkate wa watu hawa. Glavu ni Handschuh, "kiatu cha mkono". Chombo cha kupimia shinikizo la damu ni Blutdruckmessgerät. Miezi ya kwanza kazini nilikuwa nasimama mbele ya kabati kama niliyepotea njia, na bibi kitandani ananisubiri.

Kilichoniokoa ni kusoma kuanzia mkiani. Gerät, kifaa. Mess, cha kupima. Blutdruck, shinikizo la damu. Kwao neno kuu linakaa mwisho, kwetu linatangulia. Batamzinga ni bata kwanza. Kipima-hiki na kinasa-kile vinakwambia mapema kwamba ni kifaa. Leo hii silisomi tena kwa kurudi nyuma, naliona tu na mkono unaenda kwenye droo. Hapo namuelewa Msomaprufu. Lakini likija jipya narudi mkiani.

Wenyewe pia hukwama. Wana neno Staubecken. Ukilikata Stau-becken ni bwawa la kuhifadhi maji. Ukilikata Staub-ecken ni kona za vumbi. Herufi ni zile zile mpaka ya mwisho.

Na jimbo la Mecklenburg-Vorpommern mwaka 1999 lilitunga sheria ya kukabidhi majukumu ya kusimamia lebo za nyama ya ng'ombe, jina lake neno moja la herufi 63. Ikafutwa 2013.

#13 Kiguu_na_Njia

Herufi 63 kwa ajili ya nyama ya ng'ombe! Liandike basi tulione.

#14 Mlezi_Leipzig

Rindfleischetikettierungsüberwachungsaufgabenübertragungsgesetz. Hesabu mwenyewe.

#15 Kiguu_na_Njia

Nimehesabu. Nimepata 63. Nilipofika katikati chai ilishapoa.

#16 Mofimu_Huru

Dada wa Leipzig, hapo kwenye Kijerumani kuna jaribio linalomhusu Msomaprufu na kinasasauti chake. Inhoff, Radach na Heller mwaka 2000 walifuatilia macho ya wasomaji wa Kijerumani kwenye maneno ambatano marefu. Wakayaandika mengine kwa kuyatenganisha kwa nafasi, kitu ambacho kwa tahajia ya Kijerumani ni kosa. Nafasi iliwasaidia wasomaji kuvifikia vipande upesi, ingawa hawakuwahi kufundishwa kusoma hivyo. Lakini mwishoni mwa neno jicho lilikaa zaidi, kana kwamba sasa wanatafuta: je, vipande hivi ni kitu kimoja au vitu viwili?

Kwa hiyo mhariri wako na mwandishi wako wote wana haki. Nafasi inarahisisha kukata, inafanya kazi ya kuunganisha kuwa ngumu.

#17 Sauti_ya_Asubuhi

Nimesoma habari redioni miaka tisa, na kinasasauti nakijua kwa jina na kwa kovu.

Kwenye kituo kimoja niliwekewa taarifa ya mahakamani, dakika mbili kabla ya kwenda hewani. Mstari unasema "polisi walikuta kinasasauti chumbani". Tunaosoma kwa sauti, jicho hutangulia mdomo kwa neno moja au mawili. Jicho likaona "kina", likaona "sasa". Nikasema hewani "polisi walikuta kina sasa..." nikanyamaza. "Uti" ilikuwa imebaki peke yake na haina maana yoyote hapo. Sekunde moja ya ukimya redioni ni ndefu sana. Nikarudi nikasema kinasa sauti.

Angalieni mtego ulivyo: "kina" ni neno, "sasa" ni neno, na yote mawili ni ya kila siku kuliko "kinasa". Ndicho kiti cha mtoto wa Ticha. Mtu mzima, mwenye kazi ya kusoma, nilikishika kiti.

Jingine nalotaka kuongeza ni mkazo. "Barabara imejengwa barabara." Ya kwanza unakaza ba-ra-BA-ra, ya pili ba-RA-ba-ra. Kwenye karatasi hazina tofauti hata nukta. Mimi naamini kichwani tunasikia neno kabla ya kulielewa, na sauti ndiyo inayoonyesha kiungo kiko wapi. Sikukuona na sikukuu hazina mdundo mmoja. Zisemeni kwa sauti.

#18 Msomaprufu

Nimezisema. si-ku-ku-O-na. si-ku-KU-u. Kweli mdundo ni tofauti. Lakini Sauti, ili ukaze mahali sahihi si lazima uwe umeshajua ni neno gani? Sauti imetangulia au imefuata?

#19 Sauti_ya_Asubuhi

Hilo sina jibu lake. Ninachojua ni kwamba nikisoma kimyakimya bado nasikia.

#20 Nukta_Sita

Naomba niseme na mimi, maana mnazungumza sana habari ya jicho.

Mimi ni kipofu tangu utoto, nasoma nukta nundu. Kidole hakioni "sura" ya neno. Herufi inakuja, inapita, inakuja nyingine. Neno zima silipati kwa mpigo hata siku moja, nalikusanya.

Nimeiandika sentensi ya mama wa Msomaprufu kwenye karatasi yangu, nikaisoma polepole nikijisikiliza. S-i-k-u, tayari nina "siku" mkononi, mchana na usiku. Inakuja k-u. Hapo nina milango miwili wazi kwa pamoja: sikukuu, au sikuku-fulani, sikukupenda, sikukusikia. Sifungi hata mmoja. Herufi ya saba ndiyo inafunga. Ikija "o", mlango wa sikukuu umefungwa. Ikija "u", nakaribia kusema sikukuu, lakini bado nangoja kama kuna nafasi.

Na hapa nikurekebishe mleta uzi. Umesema herufi sita zinafanana. Mama angeandika "sikukuuliza", zingefanana saba, sikukuu yote nzima ikiwa ndani yake. "Sikukuuliza sikukuu." Hapo hakuna namna ya kujua mpaka kidole kiguse "l" au kiguse utupu. Kwangu nafasi kati ya maneno ni kitu kinachoguswa, nayo ni habari kama herufi yoyote.

Kwa hiyo jibu langu: sikati, wala sichukui zima. Nashika uwezekano wote, ninaachia mmoja mmoja.

#21 Ticha_wa_Handeni

Nukta_Sita, nimesoma bandiko lako mara mbili, nikalisomea na wenzangu ofisini. "Sikukuuliza" nitaiandika ubaoni.

#22 Msomaprufu

Saba. Nimepokea. Miaka kumi na moja ya prufu na sikuwahi kuliona hilo.

#23 Mofimu_Huru

Anachoeleza Nukta_Sita kinafanana na wanavyoeleza watu wa utambuzi wa maneno yasikiwayo: mwanzo wa neno huamsha kundi zima la maneno, kila sauti mpya hupunguza kundi. Kidole chake kinasoma kama sikio linavyosikia.

Ila jicho lina utata wake. Rastle, Davis na New mwaka 2004 waliwaonyesha wasomaji wa Kiingereza neno kwa milisekunde 42, chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde, mtu hata hajui ameona kitu. Kisha likafuata neno la pili la kutambua. Kuona "cleaner" kuliharakisha "clean", hilo tulitegemea. Lakini "corner", yaani kona, nayo iliharakisha "corn", mahindi, ingawa kona na mahindi hayahusiani kwa lolote. "-er" inafanana na kiambishi, basi ubongo ukaivua. "Brothel" haikuharakisha "broth", kwa kuwa "-el" si kiambishi kwao.

Maana yake mwanzoni kabisa ubongo unakata kwa umbo tu, kipofu kwa maana (Nukta_Sita uniwie radhi kwa neno hilo). Maana inakuja baadaye kufuta mikato mibaya. Msomaprufu, inawezekana ulijikwaa kwenye sikukuu kama yule dada, ila ulijiinua kabla hujajua umeanguka.

#24 Nukta_Sita

Radhi imepita. Wenye macho nanyi hamkuona hizo milisekunde 42.

#25 Mpishi_wa_Moshi

Mada nzuri ila nina njaa. Batamzinga: bata naelewa, mzinga wa nini? Wa nyuki au wa kupiga risasi? Na bata bukini?

#26 Pwani_Halisi

Bukini ni jina letu la zamani la Madagaska. Bata wa Bukini. Ya mzinga nimesikia maelezo matatu na sikubali hata moja.

#27 Mpishi_wa_Moshi

Basi nimekula bata wa kisiwa miaka yote bila kujua. Na kitimoto je? Hapa ndipo kambi ya kukata inakwama. Nikisikia kitimoto nafikiria nguruwe aliyekaangwa na ndizi pembeni. Hakuna kiti, hakuna moto zaidi ya wa jiko.

#28 Mofimu_Huru

Mpishi, umeuliza swali la Gary Libben wa Kanada bila kujua. Yeye na wenzake mwaka 2003 walichunguza maneno ambatano yaliyo wazi kwa maana na yaliyojifunga. Kwa Kiingereza stroberi ni "strawberry": tunda ("berry") tunaliona, majani makavu ("straw") hayana maelezo. Wakakuta kwamba hata kwa yaliyojifunga kabisa, vipande vinaamka. Tofauti kubwa ni kama kichwa cha neno, yaani lile neno kuu, kiko wazi. Batamzinga ana bahati, bata yupo. Kitimoto hana hata kimoja.

#29 Mpishi_wa_Moshi

Mimi kiti hakijaniamkia. Ila sahani imeniamkia.

#30 Mhamiaji_Joburg

Wakuu, mnajadili kana kwamba neno limeshuka kutoka mbinguni likiwa na mipaka yake. Naishi Afrika Kusini. Kizulu wanaandika "ngiyabathanda", nawapenda, neno moja. Kisotho wanaandika "ke a ba rata". Maana ni ile ile, viungo vile vile vya Kibantu, ila wanaweka nafasi kila kiungo. Mtoto wa Soweto anaweza kukutana na maandishi ya aina zote mbili mtaa mmoja.

Kiswahili kingefuata Kisotho, mama angeandika "si ku ku ona siku kuu". Uzi huu usingekuwepo. Kwetu kuunganisha kuliamuliwa na ile Kamati ya Lugha ya 1930.

#31 Mtazamaji_Kimya

Kamati ya 1930 ilisanifisha tahajia kwa nchi nne, baada ya kikao cha Mombasa cha 1928 kuchagua Kiunguja. Kuunganisha viambishi haikuanza nayo. Mmisionari Edward Steere alikuwa anaandika hivyo kwenye kitabu chake cha 1870 kuhusu Kiswahili cha Zanzibar.

#32 Kiguu_na_Njia

Mtazamaji_Kimya jina lako libadilishwe. Kimya kiko wapi?

#33 Mkarafuu

Nimekuwa nikisoma tu, lakini ya Joburg kuhusu nafasi imenigusa, nataka kutoa kisa cha kwetu Pemba.

Babu yangu alikuwa Tanga kwa matibabu, mavuno ya karafuu yakamkuta huko. Hakuwa anaona vizuri, akamwandikisha kijana mmoja barua ya kugawa. Barua ikafika. Mstari uliotugawa ulikuwa huu: "Mavuno ya shamba la chini wapewe Bi Mkubwa na wanawake."

Bi Mkubwa ni dada yake babu, yaani shangazi wa ami zangu. Wanangu wa shangazi, yaani watoto wa Bi Mkubwa, walisoma bila kusita: Bi Mkubwa na wana wake. Wake wa ami zangu nao wakasoma bila kusita: Bi Mkubwa na wanawake, sisi tulioanika karafuu jua na mvua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, na kwa vile nilikuwa nasoma skuli niliitwa niangalie kama kuna nafasi. Nikailaza karatasi dirishani. Kati ya "wana" na "wake" kulikuwa na upana kidogo, lakini kijana yule aliandika hivyo kila mahali, hata "sha mba" ilikuwa na upana.

Siku mbili watu hawakulana chakula. Ami mmoja akavuka kwenda Tanga kumuuliza babu mwenyewe. Babu alisema wana wake. Lakini aliposikia wanawake walivyofanya kazi, akaagiza na wao watengewe.

Ninachotaka kusema: hakuna aliyekuwa anadanganya. Mke wa ami yangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haki sana, na aliapa kwamba alipoitazama ile barua hakuona njia ya pili. Kila mmoja alikatia pale moyo wake ulipokuwa umesimama, tena kabla ya kufikiri. Sasa hiyo mtaiweka kambi gani, ya jicho au ya muktadha?

#34 Pwani_Halisi

Kisa kizito. Kidogo tu: umeandika "wanangu wa shangazi", nadhani ulikusudia "wana wa shangazi".

#35 Mkarafuu

Ndiyo, wana wa shangazi. Na tazama, watu thelathini wamesoma wakaelewa.

#36 Mofimu_Huru

Mkarafuu, sina kambi ya kuiweka. Wengi siku hizi wanakubali njia mbili zinazokimbia pamoja: ya kulitambua neno zima na ya kulikata, na inayofika kwanza ndiyo tunayoiona. Huko Ufini, Raymond Bertram na Jukka Hyönä mwaka 2003 walikuta kwamba urefu ndio unaoamua mengi. Neno ambatano fupi huenea kwenye mtuo mmoja wa jicho, yaani jicho linapotulia mara moja, linachukuliwa zima. Refu halienei, jicho linashika kipande cha kwanza kwanza. Kwa kipimo hicho "wanawake" ni fupi na la kila siku, lingeshinda zima. Kwa wana wa shangazi halikushinda. Maabara za macho hazijawahi kuweka karafuu mezani.

#37 Msomaprufu

Nimekaa na uzi huu siku nne. Nilikuja na hoja ya sura nzima, siwezi kuishika tena kama nilivyoishika, ingawa Mlezi na droo yake ananirudisha kidogo.

Kazini tumeamua hivi kwa kitabu hiki kimoja. "Kinasa sauti" itatenganishwa, kwa sababu ya "kina sasa". Mwandishi amekubali baada ya kusoma #17. "Kitindamimba" itabaki moja, pamoja na kiti chake. Tumebishana juu ya "mjamzito". Mwandishi alikuwa na "wajamzito" kwenye wingi.

#38 Mtazamaji_Kimya

Wajawazito. Vipande vyote viwili vinachukua wingi, kama wenyeviti. Hiyo nayo ni ushahidi kwamba kiungo cha ndani bado kinahisika, angalau kwa wanaosema hivyo.

#39 Ticha_wa_Handeni

Hapana, hapo sikubali. Watoto wangu wanasema wenyeviti kwa sababu wameisikia redioni. Nikiwapa neno jipya la namna hiyo wanageuza mwanzo tu. Nitajaribu tena Jumatatu nilete majibu.

Na hilo la kitindamimba, Msomaprufu, kabla hamjapeleka kiwandani nitumie ukurasa wenyewe. Yupo wa mwisho kwao, nataka asome kwanza.